Kadi ya Bluu ya Mchungaji Broadnax

Verlene Stubbs alifika saa tatu asubuhi na kompyuta ndogo na keki mbili. Kompyuta akaiweka mezani, keki akazipandisha juu ya friji, kwa sababu kwingine kote kulishajaa mabakuli. Mtu akifa mjini Tallis, chakula hutangulia na pole hufuata. Verlene alikuwa karani wa kanisa la Kibaptisti la Kanaani Mpya kwa miaka thelathini na mmoja, na alikuwa amekuja kuandika wasifu wa marehemu kwa ajili ya kijitabu cha mazishi. Mchapaji alitaka kila kitu kabla ya saa sita.

"Nimeshaanza, Dada Odessa. Sikiliza kidogo. 'Mchungaji Lemuel Tobias Broadnax alizaliwa mwaka 1930, mtoto wa nne wa...' Haya unayajua. Niruke?"

"Ruka."

"'Alilichunga kanisa la Kanaani Mpya miaka thelathini na minane, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa pia mchungaji wa wagonjwa katika hospitali ya kaunti. Mwaka 1987 Mungu aliuongoza mkono wake...'"

"Hapo futa."

Verlene aliishusha miwani hadi puani. "Nifute mkono wa Mungu?"

"Futa, nimesema."

Odessa Broadnax alikuwa na funguo za gari la mumewe mkononi tangu alipoamka, na sasa alizisikia zinalia. Alizibana. Wiki tatu nyuma Lemuel, akiwa kitandani na sauti iliyobaki robo, alikuwa amemwambia: "Wakiandika, wasiandike ule uongo wa mkono wa Mungu. Waandike nilikosea." Odessa akamuuliza, na Shemasi Mabry je? Lemuel akageukia ukutani. "Utaona wewe," akasema. Huyo ndiye Lemuel. Odessa alimwahidi, naye akafa, akamwachia mzigo wa kumvunja moyo mzee wa miaka themanini na minane mbele ya kanisa zima. Odessa alimpenda mumewe miaka hamsini, na asubuhi ile alikuwa amemkasirikia sana.

Lemuel alikuwa mtu wa kiguu na njia. Hakuna aliyepata kumwona akimaliza sahani ya chakula bila kuinuka mara tatu: kuangalia dirishani, kupiga simu, kutafuta kitu alichokuwa nacho mfukoni. Funguo zake zililia mfukoni kutwa. Alihubiri akitembea, akishuka madhabahuni na kupanda, mpaka kina mama wahudumu wakachoka kuokota maua na kuvihamisha vyombo vyake. Alikwenda hospitalini kabla ya kifungua kinywa, akarudi, kisha akaenda tena kumtazama mtu aliyemwacha usingizini.

Chanzo watu walikijua. Mwaka 1949 baba yake alilazwa katika hospitali hiyo hiyo ya kaunti, chini kabisa ya jengo, kwenye wodi ya weusi karibu na chumba cha tanuri, ambako ndugu waliruhusiwa saa moja tu kwa siku. Mzee alikufa katika saa nyingine. Lemuel, miaka kumi na tisa, alikuwa amekaa nje ukingoni mwa barabara, akingoja muda ufike. Tangu hapo makalio yake hayakupatana na kiti.

Ila chumbani mwa mgonjwa alikuwa mtu mwingine. Odessa aliona hayo mama yake mwenyewe alipolazwa. Lemuel aliingia, akatundika kofia, akasimama mpaka alipoambiwa akae, kisha akauliza alivyowauliza wote: "Nikusomee, nikuombee, au ninyamaze?" Mama mkwe akasema anyamaze. Akanyamaza dakika arobaini, hata kidole hakikucheza. Odessa aliona wivu, na hakuona haya kuusema. Wageni walipata ule utulivu, yeye nyumbani alibaki na kelele za funguo.

Sasa, kazi zake mbili, ya kanisa na ya hospitali, zilikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa orodha ya wagonjwa na wasiotoka nyumbani, iliyopigwa chapa na Verlene, ambayo mchungaji huisoma kila Jumapili kabla ya sadaka. Kanaani Mpya hakuna heshima kubwa kuliko kuwamo orodhani. Jina likisomwa, kanisa zima huitikia "Bwana amkumbuke," na jioni kuku wa kukaanga na pai ya pichi vimeshafika mlangoni. Mama Lula Pinkston alikuwamo mwaka wa tisa kama asiyetoka nyumbani, na kila Jumamosi alionekana sokoni akigonga matikiti maji kuchagua lililoiva. Siku moja jina lake lilirukwa kwa bahati mbaya, na simu ililia kabla mchungaji hajavua viatu.

Ya pili ilikuwa kadi ya bluu. Hiyo ilikuwa ya hospitali: majina, namba za vyumba, basi. Ilikaa mfuko wa ndani wa koti, na haikuonwa na mtu, hata Odessa. Kila Jumamosi Lemuel aliichana kadi ya wiki na kuichoma ndani ya kopo nyuma ya nyumba. Mgonjwa akisema "usiseme," jina lake halikusemwa. Kwa miaka kumi na saba haikupata kutokea vingine.

Septemba ya mwaka 1987 Odessa aliona mumewe amezidi kutotulia. Aliinuka mezani mara tano. Alikwenda mkutano wa mashemasi akarudi amekunja uso, akatoka tena, akazunguka na gari hadi nyuma ya nyumba ya Shemasi Hosea Mabry, mwenyekiti wa mashemasi, akarudi bila kuteremka. Siku nane hivyo. Odessa alimuuliza mara moja, akajibiwa "hamna kitu," akaacha. Jumamosi Lemuel alikwenda kuzika mtu mji mwingine, akafika nyumbani amechoka hoi, na kopo halikuwashwa moto.

Jumapili akasimama mimbarani, akafungua Biblia, akatoa orodha.

"Mama Lula Pinkston."

"Bwana amkumbuke."

"Ndugu Otis Fennell na goti lake."

"Bwana amkumbuke."

Majina kumi na moja yakaisha. Akaigeuza ile karatasi, na chini yake ilikuwa kadi ya bluu. Akaendelea kwa sauti ile ile.

"Alonzo Mabry, chumba mia mbili na kumi na nne."

"Bwana amkumbuke," kanisa likaitikia kwa mazoea, na ndipo likasikia lilichokiitikia.

Alonzo Mabry hakuwa ameonekana Tallis kwa miaka kumi na sita. Alikuwa mwana wa pekee wa Shemasi Hosea. Mama yake alipokufa mwaka 1971, Alonzo alipanda basi kutoka Detroit, na basi likachelewa. Saa ya ibada ilipofika, Hosea aliamuru jeneza lifungwe. Alonzo akaingia kanisani na begi lake mkononi, akaomba lifunguliwe amwone mama yake. Baba akamwambia, watu wote wakisikia, "Alikungoja akiwa hai. Hangoji tena." Alonzo hakukaa hata kwenye kiti. Alirudi kituoni kwa miguu.

Kanaani Mpya, majina yakishasomwa, mwenyekiti wa mashemasi hupiga magoti mbele ya kiti cha mgongo mrefu kilicho chini ya mimbari na kuwaombea wote waliotajwa. Ilikuwa kazi ya Hosea Mabry kila Jumapili. Akainuka. Akapiga magoti, akakishika kiti kwa mikono miwili. Kanisa likaanza kuvuma wimbo chini kwa chini, midomo imefungwa, kama lifanyavyo shemasi anapotafuta maneno. Likavuma, likavuma. Hosea hakutoa neno. Mwishowe akainuka kwa kujivuta, akachukua kofia yake, akatoka mlango wa mbele.

Lemuel alikuwa bado ameishika kadi. Akashuka mimbarani, akapita katikati ya viti, na Odessa akamkimbilia nje, kofia yake kubwa ya Jumapili imekaa upande.

"Nipe funguo," Odessa akasema. "Mikono hiyo haifai kushika usukani."

Njiani Lemuel alimweleza yote. Alonzo alikuwa amerudi kufa, ini limeisha, na alitaka udongo wa kwao, si watu wa kwao. Alikuwa amemwambia siku ya kwanza na siku ya pili: jina langu lisifike kule kanisani.

Chumba 214 kilikuwa na dirisha linalotazama maegesho. Alonzo alikuwa mifupa mitupu, macho ya njano, lakini mdomo ulikuwa mzima.

"Mama Mchungaji," alisema, "bado tu unavaa kofia za kuwaziba watu wa nyuma."

Lemuel hakutundika kofia yake, wala hakuuliza lile swali lake. "Alonzo, nimelisoma jina lako kanisani. Baba yako amesikia."

Alonzo akajiinua kwa kiwiko. "Nilikuambia hata ukiota usinitaje."

"Uliniambia."

"Sasa ulisahau, au uliamua?"

Odessa alimtazama mumewe. Alikuwa na jibu rahisi pale pale: kadi zilichanganyika, samahani. Lemuel hakulitumia.

"Sijui," alisema. "Siku nane nilitaka kumwambia. Halafu mkono ukageuza karatasi. Sijui, Alonzo."

"Toka."

Wakatoka. Na huko kwenye korido, kwenye dawati la wauguzi, alikuwa amesimama Shemasi Hosea, mrefu, na bahasha ya kahawia kwapani.

"Nipisheni nikamwone."

"Siwezi kukuruhusu, Shemasi," Lemuel akasema.

"Umewatangazia watu mia mbili chumba chake, mimi ndiye nisiingie?"

"Mgonjwa amekataa. Ni sheria ya kazi, na ni haki yake."

"Umemtangaza mwanangu kama mnada wa keki, sasa unaniletea sheria."

Lemuel akawapa mgongo. Alizunguka hadi mwisho wa korido, akarudi, akaenda tena, funguo hana, mikono inatafuta mfukoni. Hosea akakaa kwenye benchi, na Odessa akakaa kando yake, kwa kuwa lazima mtu mmoja akae.

Mzee akafungua bahasha. Ndani mlikuwa na picha. "Nilimwita mpiga picha kabla sijafunga jeneza," alisema. "Ni huyu hapa, mama yake, alivyolala siku ile. Basi lilichelewa dakika arobaini, Odessa. Ningengoja dakika arobaini ningekufa?"

Odessa aliitazama. Akainuka, akaichukua.

"Unakwenda wapi?" Lemuel akauliza. "Amesema tutoke."

"Kakufukuza wewe. Mimi si mwajiriwa wa hospitali."

Aliingia bila kubisha, akaiweka picha juu ya blanketi, akasimama. Alonzo hakuigusa mwanzoni. Kisha akaiinua karibu na uso, akaitazama kwa muda mrefu hata Odessa akaanza kuhesabu magari maegeshoni.

"Nani alimsuka?"

"Mimi," Odessa akasema.

"Kapendeza." Akapangusa pua kwa nyuma ya mkono wenye sindano. "Ni yule mzee kaileta?"

"Yuko kwenye benchi."

"Mwambie asimame mlangoni. Asiingie, asiseme kitu. Nimwone tu."

Hosea Mabry, miaka sabini na moja, alisimama mlangoni mpaka kengele ya kuwatoa wageni ilipolia. Jumatatu muuguzi mmoja akamwekea kiti kizingitini. Jumanne kiti kilikuwa ndani. Alhamisi adhuhuri, Alonzo alipokata roho, baba yake ndiye aliyekuwa amemshikia kikombe na mrija.

Lakini Jumatano alikuwa amemwita Lemuel, na Odessa alikuwapo. "Ulinikosea, Mchungaji," Alonzo alisema. "Na nimefurahi mzee amekuja. Hayo ni mambo mawili. Usije ukayachanganya ukapata usingizi." Lemuel akamwomba msamaha. Alonzo akafumba macho, akasema amechoka. Hakulizungumza tena.

Siku ya kumzika, jeneza la Alonzo lilikaa wazi kwa muda wa saa mbili na nusu, Hosea amesimama kando, mpaka rafiki mmoja wa kule Detroit alipofika na basi. Hakuna aliyethubutu kutazama saa.

Lemuel alikuwa ameshajishtaki mwenyewe kwa wakubwa wa hospitali. Wakamsimamisha miezi mitatu, wakamrudisha. Akabadilisha orodha: tangu hapo hakusoma jina ambalo mwenye jina hakulitia sahihi. Mama Lula Pinkston akatia sahihi ya miaka kumi mbele. Kazi ikaendelea. Lakini ule utulivu wa chumbani mwa wagonjwa, Odessa aliona, haukurudi wote. Kidole kimoja kilicheza.

Na kanisa lenyewe ndilo lililommaliza. Halikutaka kosa, lilitaka muujiza. Kila Septemba, Jumapili ya tatu, Hosea Mabry aliinuka kutoa ushuhuda: jinsi Mungu alivyouongoza mkono wa mchungaji kwenye kadi ile, jinsi alivyopata siku nne na mwanawe. "Asante, Mchungaji wangu," alimalizia, na kanisa likashangilia. Lemuel alitoka nje kila mara, na funguo zikasikika ukumbini mpaka ushuhuda ulipoisha. Mara moja alijaribu kusema kutoka mimbarani kwamba lilikuwa kosa. Wakampigia makofi kwa unyenyekevu wake.

"Sasa niandike nini?" Verlene akauliza, vidole juu ya herufi.

Odessa akamtamkia polepole. "'Mwaka 1987 alisoma kanisani jina aliloombwa alifiche. Alikosea. Alikwenda siku ile ile kuungama kwa mgonjwa, na mgonjwa hakumsamehe. Hakulisahau mpaka kufa kwake.' Weka hapo nukta."

"Dada Odessa. Haya ni mazishi."

"Najua ni mazishi, Verlene, mume ni wangu."

"Shemasi Mabry ataanguka mle mle ndani. Yule mzee anaishi kwa ushuhuda ule."

"Andika."

Verlene aliandika, akivuta pumzi kwa nguvu kila baada ya neno. Alipoondoka, Odessa alishika simu ampigie Hosea, amwonye mapema. Akaiweka. Akaishika tena, akaiweka. Angesema nini? Mumeo wa miaka hamsini anakutuma ukamwambie mzee kwamba furaha yake ilikuwa kidonda cha mwingine. Akala kipande cha keki akiwa amesimama, akashtuka kuona anakula kama Lemuel.

Jumamosi kanisa lilijaa mpaka vibarazani. Wauguzi walikuja na sare zao. Mchungaji wa sasa wa wagonjwa, msichana aliyefundishwa na Lemuel, alikaa upande wa familia. Salamu za makanisa zikasomwa, kwaya ikaimba, na programu ikafika pale palipoandikwa, kama ilivyo desturi: Wasifu, usomwe kimya.

Piano ikapigwa taratibu. Karatasi zikafunguliwa. Odessa hakusoma. Alimtazama Hosea Mabry, kiti cha mbele upande wa mashemasi, ambaye alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kidole kilipita mwaka 1930. Kilipita wodi ya chini. Kilipita arusi. Minong'ono ikaanza nyuma kwa wale wasomao haraka, na mtu mmoja akasema "ah," kisha akanyamazishwa. Funguo zilianza kulia mkononi mwa Odessa, wala hakuweza kuzizuia.

Kidole kikasimama. Kikarudi mwanzo wa mstari, kikaupitia tena.

Mzee akakunja kijitabu. Haikuwa zamu yake kwenye programu, wala hakuna aliyemwita, lakini aliinuka kwa fimbo yake. Odessa naye akaanza kuinuka, asijue kama ni kumzuia au kumshika asianguke. Hosea hakuja upande wake. Alikwenda kwenye kile kiti cha mgongo mrefu, akaiegemeza fimbo, akashuka, goti moja, kisha la pili. Ilichukua muda. Piano ikaacha. Kanisa likaanza kuvuma, midomo imefungwa.

Likavuma muda mrefu, kama siku ile. Wenye umri mkubwa walikumbuka, wakavuma kwa nguvu zaidi, kana kwamba wangeweza kumwinua kwa sauti.

"Bwana," Hosea alisema. "Mtumishi wako Lemuel alikosea."

Mvumo ukakatika.

"Alonzo aliniambia. Aliniambia ile Jumatano, nami nilikuwa na furaha sana, sikutaka kusikia." Alikisogelea kiti. "Miaka kumi na saba nimemshukuru mtu huyu. Nikimshukuru, anatoka nje. Nilidhani ni mtu wa kutotulia tu. Bwana, nilimshukuru kila mwaka, na hakuna mtu aliyemsamehe. Alonzo hayupo. Mimi ni baba yake. Namsamehe kwa ajili ya mwanangu, kama inakubalika huko kwako. Na yeye anisamehe zile asante."

Hakusema amina. Alijaribu kuinuka akashindwa, na msichana wa hospitali na Odessa wakamwendea, mmoja huku, mmoja huku. Ilimbidi Odessa amshike kwa mikono yote miwili, kwa hiyo akaziweka funguo juu ya kile kiti, na zikabaki pale kimya mpaka ibada ilipokwisha.